Salaita: vita vya mchana, ushindi wa usiku

Barabara ya Voi hadi Taveta, kusini mwa Kenya, inaandamana na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Familia yenye siku moja inaweza kuanzia Maktau, kwenye makaburi ya wanajeshi wa Kihindi, kisha ipite Mbuyuni na kufika Salaita kabla jua halijawa kali.

Salaita ni kilima kidogo tu katikati ya nyika. Wajerumani walikishika baada ya kuitwaa Taveta Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916, Waingereza walikipiga mizinga kileleni kwa kudhani adui yuko juu, kumbe askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa wamejichimbia chini, wamefichwa na miiba. Wanajeshi wageni kutoka Afrika Kusini walikwenda moja kwa moja kwenye risasi, wakarudishwa nyuma. Wapelekeni watoto wasimame hapo chini, watazame upande waliotokea washambuliaji. Wataelewa wenyewe.

Kilichoshindikana mchana kilifanyika usiku. Jioni ya Machi 7, Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, aliwatuma wapanda farasi wa ofisa wake van Deventer wakizunguke kilima kwa mbali, kuelekea Ziwa Chala. Mwezi ulikuwa mchanga, ukazama mapema. Walisafiri gizani, Msalaba wa Kusini ukiwa upande wao wa kushoto. Kulipokucha walikuwa karibu na Chala. Kufikia Machi 9 Salaita ilikuwa tupu.

Ndiyo maana nasema msiondoke jioni. Hapa ni jirani na Tsavo Magharibi, tembo hupita, kwa hiyo kaeni ndani ya kambi ya wageni, mzime taa na msubiri macho yazoee giza. Mwezi Machi, Kilimia huonekana magharibi saa mbili usiku. Ni nyota zilezile walizozitazama wakulima wa pwani kujua masika yamekaribia, maana Kilimia kikianza kuzama na jua, mvua zimefika.

Chini ya nyota hizo walilala pia wapagazi, na habari zao ndizo zinazonigusa zaidi. Walibeba unga, risasi na majeruhi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Ofisa aliyeuawa ana jiwe lenye jina lake. Mpagazi, mara nyingi, hana hata kaburi linalojulikana. Kivu, mashariki mwa Kongo, ilikuwa vivyo hivyo: jeshi la Wabelgiji lililovuka kuingia Rwanda Aprili 1916, likaiteka Tabora Septemba 19, lilitembea kwa migongo na vichwa vya wapagazi wa Kongo.

Wazee waliowasikia babu zao wakisimulia safari hizo wanazidi kupungua, Taveta na Bura, na kule Kivu, Masisi na Walikale. Waulizeni majina ya waliochukuliwa, myaandike pamoja na kijiji walichotoka. Fanyeni hivyo mwaka huu.