Kifaa, Muda na Mtihani: Historia ya Ufadhili wa Ujifunzaji kwa Vitendo katika Shule za Msingi nchini Kenya, 1965–2009

Utangulizi

Ripoti za miradi ya elimu huhesabu makasha ya vifaa yaliyopokelewa shuleni. Ni hesabu rahisi kukagua, na mfadhili huiamini. Historia ya Kenya tangu 1965 inaonyesha kwamba hesabu hiyo huficha mambo mawili yanayoamua hatima ya kifaa: muda anaopewa mwalimu kujifunza kukitumia, na mtihani unaomsubiri mwanafunzi mwishoni. Makala hii inafuatilia vipindi vitatu vya ufadhili ili kuonyesha jinsi mambo hayo yalivyozingatiwa au kuachwa.

Mchanga, majani na wino

Mwaka 1961, wanazuoni wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Endicott House, nyumba ya mikutano ya chuo cha MIT, chini ya uongozi wa mwanafizikia Jerrold Zacharias. Kutokana na mkutano huo ilizaliwa hisabati iliyopewa jina la Entebbe, mji ulioandaa warsha ya kwanza ya waandishi wake mwaka 1962. Kisha, baada ya mkutano wa Kano mwaka 1965, ulianza mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, uliojulikana kwa kifupi APSP. Fedha zilitoka USAID. Usimamizi ulikuwa wa taasisi ya Massachusetts iliyokuja kuitwa Education Development Center. Kenya, Uganda na Tanzania zilishiriki pamoja na nchi za Afrika Magharibi.

Upekee wa mpango huo ulikuwa katika vifaa vyake. Vijitabu vya walimu vilihusu mchanga mbichi, ujenzi kwa majani, wino na karatasi, mbu, na mdudu anayechimba shimo mchangani ili kunasa sisimizi. Betri na balbu zilihitaji kununuliwa, lakini vitu vingi viliokotwa uani au kuletwa kutoka nyumbani. Hivyo fedha za mfadhili ziliweza kuelekezwa kwa watu: warsha za waandishi, mafunzo ya walimu, na majaribio ya somo darasani kabla ya kijitabu kuchapishwa.

Matunda yake yalipimwa nchini Kenya na Eleanor Duckworth, mwanafunzi wa Jean Piaget. Badala ya kuwapa watoto karatasi ya maswali, aliwaweka katika chumba chenye vifaa mbalimbali, vingine wasivyowahi kuviona, akawaacha wafanye watakavyo huku waangalizi wakiandika. Watoto waliotoka katika madarasa ya mpango walibuni mambo mengi zaidi, na yenye utata zaidi, kuliko wenzao. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1978.

Hata hivyo, ubunifu huo haukuwa na mahali katika mtihani wa CPE, ambao tangu 1966 ndio uliogawa nafasi chache za sekondari. Maswali yake yalikuwa ya kuchagua jibu, na mengi yalipima kumbukumbu. Mwalimu aliyetumia kipindi kizima kwa mchanga mbichi alikuwa akihatarisha nafasi za wanafunzi wake, na wazazi walilijua hilo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, mageuzi yaliyohusishwa na Anthony Somerset yaliingiza maswali ya kufikiri na ya maisha ya kila siku, na shule zikatumiwa majarida yaliyochambua makosa ya watahiniwa. Lakini kufikia wakati huo kazi ya APSP ilikuwa imekwisha kukabidhiwa SEPA, chombo cha Kiafrika kilichoundwa mwaka 1970 chenye makao yake Accra. Mageuzi ya vifaa na mageuzi ya mtihani yalipishana njiani.

Chati za Busia na Teso

Kipindi cha pili kinatoa funzo kwa kinyume chake. Mwaka 1997, shirika la Kiholanzi liligawa chati kubwa zenye kurasa za kupinduliwa, za masomo ya sayansi, afya na hisabati, pamoja na ramani ya Afrika Mashariki, kwa shule 89 kati ya 178 zilizochaguliwa katika wilaya za Busia na Teso. Chati hutazamwa, mtoto haishiki wala haibomoi. Utafiti wa Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao, uliochapishwa mwaka 2004, ulilinganisha shule zilizopata na zisizopata kwa bahati nasibu, na haukuona tofauti yoyote ya maana katika alama za mtihani.

Uzito wa utafiti huo kwa washauri wa sera umo katika ulinganisho wake wa pili. Watafiti walipotazama shule zilizokuwa na chati tangu awali, bila bahati nasibu, zilionekana kufanya vizuri kuliko nyingine. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba shule yenye chati huwa tayari ina mengine mazuri. Anayeitembelea na kuona chati ukutani huweza kuipa chati sifa isiyo yake.

Ufaraguzi na muda wa mwalimu

Kipindi cha tatu kilianza mwaka 1998, Kenya na shirika la JICA la Japani zilipoanzisha SMASSE katika shule za sekondari za wilaya 9 za majaribio. Msisitizo wake ulikuwa shughuli za mwanafunzi, majaribio, na ufaraguzi, yaani kutengeneza zana kutokana na vilivyopo. Mfadhili aligharamia zaidi wataalamu na mafunzo ya kitaifa. Mafunzo ya wilayani yalitegemea kwa sehemu michango kutoka karo za wanafunzi. Mwaka 2009 mafunzo yalipanuliwa hadi shule za msingi. Kwa namna fulani huku kulikuwa kurejea kwa wazo la APSP, safari hii likiwa na chanzo cha fedha cha ndani. Hata hivyo, mtihani wa KCPE wa sayansi, uliochukua nafasi ya CPE mwaka 1985, uliendelea kuwa wa kuchagua jibu.

Hitimisho

Katika vipindi hivi vitatu, kifaa ndicho kilichokuwa rahisi kugharamia na chepesi kuachwa. APSP iliwapa walimu muda lakini haikuufikia mtihani. Chati ziligawiwa kama vitu. SMASSE iliwekeza katika muda wa mwalimu na kumwachia mtihani wa zamani. Mtaala wa umilisi unaotekelezwa sasa umeamsha madai yaleyale ya zana za vitendo, na mzigo wa kuzitafuta umewaangukia wazazi, wakiwemo wasio na uwezo. Hivyo, bajeti yoyote ya zana, iwe ya serikali au ya mfadhili, inastahili kukaguliwa kwa maswali matatu: ni siku ngapi za mafunzo ya walimu zimegharamiwa, nani atakifidia kifaa kikivunjika mikononi mwa mtoto anayejifunza, na ni swali lipi la mtihani litakaloonyesha kuwa alijifunza.