Kipande kimekatikia ndani ya kabureta ya boti? Usikimbilie drili

Ukishuka bandarini Wesha, magharibi ya Chake Chake, utaziona mashine za boti zilizokula chumvi miaka mingi na bado zinakwenda. Nyingi ni zile za zamani za kuchanganya oili na petroli, Yamaha Enduro zikiwemo. Fundi wa kawaida anazifungua kwa bisibisi na spana chache, na ndiyo maana wavuvi wanazipenda. Shida huanza pale skrubu au jeti inapokatikia ndani ya kabureta, kipande kikabaki kwenye tundu na hakuna pa kukishika.

Kwa nini inakatika? Jeti ni shaba ya njano, laini. Mwili wa kabureta kwa kawaida ni aluminiamu au mchanganyiko wake. Metali mbili tofauti zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, moja huliwa, na ule unga mweupe unaotokea hubana nyuzi za skrubu kama saruji. Ongeza na ulimbo wa petroli iliyolala miezi. Halafu anakuja mtu na bisibisi nyembamba kuliko mfereji wa jeti, anakaza mkono, kichwa kinang'oka.

Kabla ya chochote, jua kilichokatika ni nini, maana dawa si moja.

Kama ni ncha ya ile sindano ya kurekebisha mngurumo wa chini, una bahati. Ncha hiyo imechongoka na hukatika mtu anapoikaza mpaka mwisho kwa nguvu. Inanasa kwenye kitundu kidogo kinachotokea kooni mwa kabureta, kule hewa inakopita. Usiichokonoe kutoka nje, utaizidi kuisukuma iname. Ingia kwa upande wa kooni na waya mwembamba wenye ncha butu, gonga kidogo kidogo, itarudi ilikotoka. Sindano mpya ukiifunga, ikigusa tu mwisho, acha hapo hapo, kisha irudishe nyuma mizunguko inayotajwa kwa mashine yako.

Jeti kubwa, ile inayokaa juu ya bakuli la mafuta, ndiyo kazi yenyewe.

Toa kabureta yote kwenye mashine, usifanyie kazi botini. Toa boya, mipira na kila cha plastiki. Tia dawa ya kulegeza kutu kwenye kipande, acha usiku mzima, asubuhi tia tena. Wengi wanashindwa hapa kwa haraka tu: wanatia dawa, wanavuta sigara moja, wanarudi na nyundo.

Kisha joto. Aluminiamu hutanuka kuliko shaba, kwa hiyo mwili ukipata moto tundu hufunguka zaidi ya jeti inavyovimba. Maji yaliyochemka yanatosha: zamisha kabureta dakika kadhaa, itoe kwa kitambaa, jaribu ingali moto. Moto wa gesi au jiko usiulete karibu. Kuna mabaki ya petroli mle ndani, na aluminiamu haiwi nyekundu kukuonya kabla ya kuyeyuka.

Cha kuzungushia, chukua mkia wa tupa ya zamani, ile sehemu inayoingia kwenye mpini. Unoe uwe na kona nne kali na uchongoke taratibu. Ugongee polepole ndani ya tundu la jeti mpaka kona zing'ate shaba, halafu zungusha kushoto kwa mkono. Ikigoma, kaza kulia kidogo sana, rudi kushoto. Lengo ni kuuvunja ule unga mweupe. Ukisikia mkia unateleza, simama, rudia joto na dawa. Kuna vitolea skrubu vya dukani vinavyofanya kazi hiyo hiyo, ila vile vyembamba ni vya chuma kigumu sana na vinavunjika kama kioo. Kikikatikia mle, drili ya kawaida haikitoboi tena.

Drili ni ya mwisho. Tumia ncha ndogo kuliko nyuzi, katikati kabisa, kwa mkono na si kwa mashine ya kasi, ubakishe ganda jembamba la shaba utakalolikunja ndani na kulitoa kwa kibanio. Ukiona drili inaelekea pembeni, acha. Mwili mtumba wa kabureta ni bei ndogo ukilinganisha na pistoni.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Kwenye mashine hizi pistoni inapata oili ndani ya petroli. Vumbi la shaba likibaki na kuziba njia, petroli inapungua, oili inapungua nayo, na pistoni inapata moto mpaka inanata. Ukiwa unatoka dago Misali, hutii nanga popote: mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Tundu likiumia na jeti mpya isikae vizuri, ni kinyume chake, mafuta yanazidi, moshi mwingi, plagi zinalowa.

Kwa hiyo osha kila njia kwa petroli safi, puliza kwa upepo wa pampu mpaka utoke upande wa pili. Usipitishe waya kwenye jeti nzima, unapanua tundu lake. Jeti mpya iwe na namba ile ile iliyogongwa kwenye ya zamani.

Kuijaribu kwenye pipa la maji peke yake hakutoshi, ingawa ndivyo inavyofanyika sana. Ikinguruma taratibu mashine haitumii jeti kubwa. Toka nayo karibu na ufukwe, boti nyingine ikiwa jirani, fungua mafuta mpaka mwisho kwa dakika chache, zima ghafla ikiwa bado kwenye kasi, kisha toa plagi. Rangi ya kahawia ni sawa. Nyeusi na mbichi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe, usiiwashe tena: piga kasia urudi, kabureta ifunguliwe upya.