Kolonele Mulamba na mji wa Bukavu

 Mara nyingi mnatuuliza: mwanajeshi anaweza kuwa mtu wa amani? Leo sitakujibu kwa vitabu vya sheria nilivyosoma universite. Twende Place Mulamba, hapa hapa Bukavu. Je, umewahi kumuuliza mzee wako Mulamba alikuwa nani?

Léonard Mulamba alizaliwa mwaka 1928 huko Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Basi hakuwa mtoto wa Kivu. Shika neno hilo, maana siku hizi tunapenda kuuliza kabila la mtu kabla ya kuuliza kazi yake. Alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabeligi, ambamo mpaka uhuru wa 1960 hakuna Mkongomani aliyekuwa ofisa. Uasi wa askari wa Julai 1960 ndio uliofungua mlango huo, kwa haraka na bila matayarisho.

Mwaka 1964 vita vya Simba vilienea. Uvira ilianguka mwezi wa Mei, Kisangani mwanzo wa Agosti. Miji mingi ilianguka bila vita vikubwa: askari wa serikali walivua uniforme wakakimbia, raia wakabaki peke yao. Katikati ya Agosti Simba wakaingia Bukavu. Kila mtu alingojea mambo yale yale. Lakini kolonele Mulamba alibaki na watu wake, wakapigana ndani ya mji siku kadhaa, na Simba wakarudi nyuma. Ndege za vita zilizotoka Marekani zilimsaidia, tusifiche. Lakini ndege pekee haimzuii askari kukimbia. Nyinyi wenyewe mnajua mji ulioachwa unafanana namna gani: 1996, 2004, 2025, kila mmoja anakumbuka alibeba nini kichwani.

Mwezi wa Novemba 1965 Mobutu alitwaa utawala, akamfanya Mulamba kuwa waziri mkuu. Mimi mtu wa sheria siwezi kusifu mapinduzi, na Mulamba alikubali kiti hicho. Tumpime pia kwa hilo.

Halafu tarehe 23 Julai 1966 askari wa Katanga waliasi Kisangani, na kolonele Tshatshi akauawa. Mulamba alikwenda yeye mwenyewe kuongea na waasi. Waziri mkuu, mwanajeshi, shujaa wa Bukavu, alikaa nao wazungumze! Uasi haukuisha kwa maneno. Mwezi wa Septemba ulizimwa kwa bunduki. Huko Kinshasa walisema Mulamba alikuwa mlegevu. Tarehe 26 Oktoba 1966 Mobutu alimwondoa, akafuta na kiti chenyewe cha waziri mkuu, kisirudi mpaka 1977. Mtu mmoja alikata shauri, na bunge halikuweza kumzuia.

Mimi naona mtu ni yule yule: aliyekataa kuacha mji ndiye aliyekataa kuanza na risasi. Mulamba hakuchukua bunduki kulipiza kisasi. Alitumwa balozi India, kisha Japani, akafariki mwaka 1986.

Ukiwa na mzee aliyekuwa Bukavu Agosti 1964, keti naye jioni hii. Muulize siku zile alijificha wapi, na nani alimfungulia mlango.