Somo la Hesabu: Aliyetangulia na Anayemfuata

Chukueni kalamu na karatasi.

Watu wawili wanakwenda njia moja. Mmoja katangulia, mwingine anamfuata. Atamkuta wapi? Swali hili ni la kale. Limo katika kitabu cha Wachina kiitwacho Sura Tisa za Ufundi wa Hesabu, ambacho Liu Hui alikiandikia maelezo mwaka 263 baada ya Kristo. Mwepesi akipiga hatua 100, mzito hupiga 60. Mzito ametangulia hatua 100. Je, mwepesi atamkuta baada ya hatua ngapi?

Msiwe na haraka. Tazameni kwanza tofauti. Katika kila hatua 100 za mwepesi, anamkaribia mwenzake kwa hatua 40. Gawanyeni 100 kwa 40, mtapata 2½. Zidisheni kwa 100: hatua 250. Sasa hakikisheni. Kwa muda huo mzito amepiga hatua 150. Jumlisheni 100 alizotangulia, ni 250. Wamekutana.

Miaka zaidi ya 500 baadaye, huko Ulaya, swali hilo likavaa nguo nyingine. Limo katika hesabu za kunoa akili za vijana, ambazo husemekana ni za mwalimu Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804. Sungura yuko futi 150 mbele ya mbwa. Kila mruko, mbwa hwenda futi 9, sungura 7. Tofauti ni futi 2. Basi mbwa atamkamata kwa miruko 75.

Wengi wenu huogopa aljebra kwa sababu ya herufi zake. Lakini al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina la kitabu chake ndilo lililotupa neno hilo, alieleza hesabu zake kwa maneno matupu. Herufi zilikuja baadaye, kufupisha maandishi tu. Fikira ndiyo iliyotangulia, na fikira hiyo mnayo.

Hesabu ya nyumbani ni hii. Mama mmoja ametoka saa moja asubuhi kwa miguu kwenda hospitali, kilomita 16, mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Saa tatu mumewe anaona amesahau cheti cha kliniki. Anapanda baiskeli, mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Je, atamkuta kabla hajafika?

Anzeni na tofauti. Kwaherini.