Wapiga Chapa wa Nairobi na Suala la Kujiunga na Chama

Katika Kiswahili watu hupiga kura na hupiga chapa. Kitenzi ni kimoja, lakini nomino hizo mbili zimefika kwa njia mbalimbali. Kura imetoka Kiarabu, ambako maana yake ya awali ni kugawa mafungu kwa bahati nasibu. Chapa imetoka lugha za Bara Hindi, pamoja na mashine na mafundi wake. Kwa mwenye kuchunguza iwapo wafanyakazi wa mitambo ya magazeti mjini Nairobi wanafaa kujiunga na chama, asili ya neno hili la pili si jambo la kupuuzwa, kwa kuwa harakati za wafanyakazi mjini humo zilipata sauti yake ya kwanza yenye nguvu kutoka katika kiwanda cha chapa cha Mhindi.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913 na kuwasili Kenya mwaka 1927. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa na kiwanda cha kupigia chapa mjini Nairobi, na humo ndimo mwana alimofanya kazi. Hivyo mtu aliyekuja kuwatetea waajiriwa alikuwa mwana wa mwajiri. Mwaka 1935 chama cha wafanyakazi wa Kihindi kiligeuzwa kuwa cha wafanyakazi wote wa Kenya, bila kubagua rangi wala dini, na Singh akawa katibu wake. Badiliko hilo la jina lingebaki maandishi matupu lau matangazo ya chama yasingalitolewa kwa lugha za wafanyakazi wenyewe: Kipunjabi, Kiurdu, Kigujarati na Kiswahili. Aliyepanga herufi za risi ndiye aliyeamua, kwa vitendo, nani ataalikwa. Mwaka 1937 wafanyakazi wa Nairobi waligoma, wakapata nyongeza ya mshahara ya asilimia 15 hadi 22 pamoja na siku ya kazi ya saa 8.

Mnamo Mei 1949 vyama kadhaa, kikiwemo cha wapiga chapa, viliungana chini ya urais wa Fred Kubai, Singh akiwa katibu mkuu. Serikali ya kikoloni ilikataa kuuandikisha muungano huo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Singh alidai uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961.

Mfanyakazi wa gazeti anayeishi katika mtaa wa Umoja hupita karibu na Kaloleni akienda mjini kwa barabara ya Jogoo. Umoja ulijengwa na Baraza la Jiji katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Kimarekani, na nyumba zake zilikusudiwa kumilikiwa kwa malipo ya kila mwezi. Mpango wa namna hiyo humpa mtu paa, lakini pia humfunga: mwezi mmoja bila mshahara waweza kumpotezea alicholipia miaka mingi. Hofu ya mwenye deni kumkasirisha mwajiri si uoga, ni hesabu. Mtaa umepewa jina la fadhila ileile ambayo masharti ya kumiliki nyumba yalifanya iwe ghali kuitenda.

Wasiotaka chama wana hoja nyingine pia, na haifai kuidharau. Baada ya shirikisho kuu la vyama kuundwa mwaka 1965, katibu mkuu aliteuliwa na Rais wa nchi kutoka majina matatu aliyopelekewa. Mpiga chapa aliyeuliza kama ada yake ilimlinda yeye au ilimlinda mkubwa hakuwa mchochezi. Isitoshe, magazeti yenyewe yaligawanyika: waandishi wa habari walikuwa na chama chao tangu 1962, na watu wa mitambo walikuwa na chao, hata ikawa gazeti moja lina vyama viwili visivyogoma pamoja.

Hata hivyo hoja hiyo inahusu namna ya kuongoza chama, wala haivunji haja ya kuwa nacho. Mtambo wa gazeti hauna subira. Gazeti lisilotoka usiku huu halina mnunuzi kesho. Saa hizo chache za usiku ndizo nguvu ya mpiga chapa, nazo hazimfai akiwa peke yake, maana mmoja hubadilishwa kabla ya alfajiri.

Nchini Kenya, kwa kweli, mfanyakazi hapigi kura ili ajiunge, hutia saini. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa haki hiyo. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mwajiri hulazimika kukitambua chama kilichopata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili, na huanza kukata ada katika siku 30 baada ya kupelekewa Fomu S yenye saini ya mwanachama. Asiyejiunga naye aweza kutozwa malipo, ikiwa ananufaika na mkataba wa pamoja. Kura ni siri, lakini saini ina jina, na mwajiri hulisoma. Hapo ndipo ile hesabu ya mwenye nyumba ya Umoja inaporudi mezani.

Fomu yenyewe imechapishwa katika sheria kwa Kiingereza. Mwaka 1936 mpiga chapa wa Nairobi aliweza kuletewa wito wa chama kwa Kiswahili. Mwenzake wa leo, aliye hodari wa kuchapa kurasa za Kiswahili usiku kucha, hutia saini chini ya maneno ambayo huenda amesomewa na mtu mwingine.