Kisukari, Kiharusi na Utambuzi: Historia Fupi ya Dhana na Istilahi

Fomu moja ya zahanati, iliyoletwa kwetu ili tafsiri yake ipitiwe, ilitumia neno "wazimu" kwa hali ya mgonjwa wa kisukari ambaye, baada ya kupata kiharusi, hufikiri polepole na kushindwa kupanga shughuli zake. Kosa hili si dogo, kwani aitwaye mwendawazimu hupuuzwa kauli yake, hata juu ya mali yake mwenyewe. Yafaa basi tuitazame historia ya dhana hii.

Daktari Mwingereza Thomas Willis aligusa pande zake zote mbili. Mwaka 1672 alieleza habari za wagonjwa waliopungukiwa akili baada ya kupooza. Mwaka 1674 akaandika kwamba mkojo wa wenye kisukari ni mtamu kama asali. Jina la Kilatini la ugonjwa huo likabeba asali. Kiswahili nacho kilishika utamu ule ule, kikaunda "kisukari" kutokana na "sukari".

Hata hivyo, kwa muda mrefu upungufu huo wa akili ulihesabiwa kuwa uzee tu, au kukakamaa kwa mishipa ya damu. Mwaka 1974 Hachinski na wenzake walisisitiza kuwa chanzo chake ni viharusi vingi, vikubwa kwa vidogo, viuavyo sehemu za ubongo. Katika miaka ya 1990 dhana ilipanuliwa hata ikaingiza upungufu mdogo. Yajulikana pia kwamba kisukari hudhuru mishipa midogo ya ubongo, na kwamba sukari ikishuka mno huweza kuudhuru ubongo wenyewe.

Tuchague neno gani? "Wazimu" lina aibu ndani yake. "Usahaulifu" ni finyu, kwani mgonjwa aweza kukumbuka majina ya wajukuu wote na bado ashindwe kufuata mpango wa dawa zake. "Kupungua kwa fahamu" huelekea kwenye kuzimia. Twapendekeza "upungufu wa utambuzi baada ya kiharusi", nao uitwe mdogo au mkubwa kadiri ya hali.

Mgonjwa asiyeweza tena kupima insulini yake ahitaji msaidizi. Afisa akisoma "wazimu" katika fomu, msaidizi huyo hatamfikiria.