Shule ya Baleti Isiyowahi Kufunza Baleti

Wasee, kuna mjengo uko Havana, Kuba, umekataa kunitoka kichwani.

Mwaka ni 1961. Fidel Castro na Che Guevara wako kwenye uwanja wa gofu wa klabu ya matajiri. Wanaamua hapo pajengwe shule tano za sanaa, za watoto wa watu wa kawaida: dansi, drama, muziki, baleti, na ya wachoraji na wachongaji. Kazi wakapewa wasanifu watatu: Ricardo Porro, Mkuba, na Waitaliano wawili, Vittorio Garatti na Roberto Gottardi.

Sasa shida. Marekani ilikuwa imebana biashara, na simiti na nondo zikawa adimu. Udongo wa matofali ulikuwepo. Basi wakafufua ufundi wa Wakatalani: vigae vyembamba vinapangwa tabaka juu ya tabaka hadi paa linajikunja kama upinde, na umbo lenyewe ndilo linabeba uzito. Nondo kidogo tu. Barabara za ndani wakaziacha wazi pembeni ili upepo upite. Leo tungeita hiyo kujali mazingira. Wao walikosa tu simiti!

Ploti nayo ilikuwa ngumu. Mto Quibú unapita hapo, na Garatti akaiweka shule ya baleti chini kabisa bondeni. Ni nzuri, unaishukia ukipitia juu ya paa. Lakini mto ukifurika, maji yanajua njia. Hapo mimi namlaumu Garatti, pole.

Ila maji hayakuua mradi. Serikali ilianza kupenda majengo ya vipande vya zege vya kiwandani, mtindo wa Wasovieti, na hizi kuba za matofali zikaonekana anasa. Mwaka 1965 ujenzi ukasimamishwa. Shule ya baleti ilikuwa karibu kuisha, na mpaka leo haijafunza baleti. Kuna wakati iliwahi kuwa shule ya sarakasi, kisha mimea ikaingia. Kwa hivyo mtu akiniambia kilichokosekana ni pesa, nakataa. Uhaba ndio uliozaa hayo mapaa. Yaliangushwa na watu waliobadilisha nia wakati mafundi bado wako juu ya jukwaa.

Porro alihamia Paris. Garatti alikamatwa mwaka 1974, akafukuzwa nchini. Gottardi pekee ndiye alibaki Havana, na hata uzeeni alikuwa bado anachora vile shule yake ya drama ingemalizwa. Alifariki 2017. Haijaisha.